Jinsi ya Kumbatiza Msomaji Sugu wa Vijitabu vya Maelekezo

Wapo watu ambao wakinunua pasi hawaichomeki kwenye umeme mpaka wamekisoma kijitabu cha maelekezo kuanzia jalada hadi masharti ya waranti, na wakishakimaliza hukirudia. Tabia hiyo inastahili jina, nalo likibuniwa vizuri humchekesha hata mwenye tabia yenyewe.

Anza kwa kuchagua kitendo kimoja, kwa kuwa neno linalobebeshwa tabia nzima huelemewa. Mtazame mhusika kwa karibu: huhesabu skrubu zote na kuzilinganisha na orodha kabla ya kugusa bisibisi, husoma onyo la kutoitumbukiza pasi majini kana kwamba alikuwa na mpango huo, na akizifikia kurasa za lugha asizozijua haachi, bali hufuatisha michoro ili ahakikishe kwamba hakuna alichofichwa.

Kisha pitia njia ambazo Kiswahili chenyewe huzitumia kuunda maneno. Ninayoipenda kuliko zote ni kuazima umbo la maradhi. Kizunguzungu na kipindupindu vina kiambishi ki- na shina lililoradidiwa, kwa hiyo anayerudia ukurasa uleule mara kwa mara tunaweza kusema ameshikwa na kisomasoma, na msikilizaji atahisi ugonjwa kabla hajaelezwa. Njia nyingine ni kuuvamia msemo uliozoeleka na kubadilisha neno moja tu: mbwia unga anajulikana, hivyo mbwia miongozo hachelewi kueleweka, ingawa neno hilo lina makali na linamfaa tu mtu mnayetaniana. Waweza pia kukata maneno na kuyaunga, jinsi chakula cha jioni kilivyozaa chajio, ukapata ulevekezo kutokana na ulevi na maelekezo. Mbinu hii ina mtego wake, kwani vipande vikikatwa mno asili haitambuliki, na kichekesho huondoka nayo.

Vitenzi husahauliwa bure. Ikiwa taifa limetupa kutaifisha, waranti nayo na itupe kuwarantisha, yaani kumsomea mtu masharti ya waranti asiyoyaomba.

Neno likishapatikana, litie ndani ya sentensi uone kama linapatana na wenzake: "Kisomasoma chake kimepanda tena", "Alituwarantisha mpaka simu mpya ikaisha chaji." Likigoma kupokea viambishi, au likiwa refu kiasi kwamba mtamkaji anavuta pumzi katikati, lipunguze. Baadaye litamke mbele ya mtu ambaye hakushuhudia ukilibuni, bila kulifafanua. Akicheka, limepita. Ukilazimika kumwandikia maelekezo ya namna ya kulitumia, lifute, isipokuwa kama una hakika kwamba mtu huyo ni mbwia miongozo.