Kuchagua mtutu mpya wa bunduki ya shabaha: anza na risasi

Kabla hujatoa hela ya mtutu mpya, hakikisha wa zamani umekwisha kweli. Bunduki nyingi za shabaha ninazoonyeshwa hapa Tanga mtutu wake unasingiziwa tu, kumbe ugonjwa uko kwingine. Skrubu za darubini zimelegea. Mti wa bunduki unaobeba mtutu umevimba kwa unyevu wa bahari ukaegemea mtutu upande mmoja. Pitisha karatasi kati ya mti na mtutu kutoka mbele kurudi nyuma, ikikwama umeshampata mchawi wako. Au ndani kumejaa shaba iliyoachwa na risasi, kwa sababu mwenyewe anapitisha kitambaa chenye mafuta na kuhesabu kwamba amesafisha. Au amenunua boksi la toleo jingine la risasi bila kutazama namba. Mambo haya hutengenezeka kwa fedha kidogo, na inaniuma mtu anapouza kitu cha nyumbani kununua chuma asichokihitaji.

Mtutu uliokwisha kweli unajionyesha kooni, pale mbele ya chemba, yaani chumba cha kukaa ganda, inapoanzia mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Ukiingiza kamera ndogo ya kuchungulia utaona chuma kimepasukapasuka kama tope la jaruba lililokaukiwa maji. Kinachofanya hivyo zaidi ni moto na mgandamizo wa gesi ya baruti kuliko msuguano wa risasi. Ndiyo maana baruti nyingi ikipita kwenye tundu jembamba mtutu hufa mapema: mtutu wa aina ya risasi iitwayo .308 Winchester kwa kawaida huvuka risasi 5,000, wa 6.5 Creedmoor huanza kuchoka kati ya 2,000 na 3,000, na zile za milimita 6 zenye ganda kubwa nyingi hazifiki 2,000. Mtu anayepiga haraka haraka mtutu ukiwa wa moto, hata hapo hafiki.

Nilifanya kazi ya ufundi silaha mpaka nikastaafu. Sasa nakaa Chumbageni, sifungi mitutu tena, ila wanaolenga shabaha huja kuniuliza. Hivi karibuni alikuja kijana wa Muheza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, nimeshapata mtutu. Wa .308, inchi 30, chuma cha pua, mzunguko mmoja kwa inchi 13. Bei nzuri sana."

"Unapiga risasi gani?"

Akanyamaza kidogo. "Za greni 200. Ndizo ninazozipata."

Nilimwambia asilipe. Mtutu ule haukuwa mbaya. Mzunguko wa inchi 13, yaani mifereji inayoizungusha risasi mara moja katika kila inchi 13 za mtutu, umetumiwa miaka mingi na walenga shabaha wanaopiga risasi za greni 155, yaani gramu 10, kwa umbali wa hadi yadi 1,000. Lakini risasi yake ina gramu 13, nayo ni ndefu. Kinachoamua kasi ya mzunguko ni urefu wa risasi zaidi ya uzito wake, na hilo watu wengi hawalijui kwa sababu kwenye boksi huandikwa uzito tu.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Aliitoa Mwingereza George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga kule Woolwich, mwaka 1879. Chukua kipenyo cha risasi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa risasi. Tulikaa barazani tukapima kwa kalipa kichwa cha risasi yake peke yake, bila ganda. Kipenyo milimita 7.82, urefu milimita 35. Kipenyo mara kipenyo ni 61.15. Mara 150 ni 9,172. Gawanya kwa 35, unapata milimita 262, ambazo ni kama inchi 10.3. Maana yake risasi ile inataka izunguke mara moja katika kila inchi 10 za mtutu. Ule wa inchi 13 ungeirusha ikiwa imelewa. Dalili yake utaiona kwenye karatasi: badala ya tundu la mviringo unapata tundu refu, kwa sababu risasi imeingia kiubavu.

Hesabu ya Greenhill ni ya zamani, na risasi za leo zina pua ndefu na mkia uliochongwa, kwa hiyo ikikuangusha katikati ya vipimo viwili, chagua mzunguko wa kasi zaidi, yaani wenye inchi chache. Kwa .308 na risasi za greni 175 watu hutumia inchi 11 au 10. Kwa .223 na risasi za greni 80, inchi 8 au 7. Kwa 6.5 na greni 140, inchi 8. Kumbuka pia hewa ya Tanga ni ya joto, na hewa ya joto ni nyepesi, inaisamehe risasi iliyo ukingoni. Ukialikwa kwenda kushindana kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley, Uingereza, asubuhi ya baridi, risasi iliyokuwa inatulia kwa shida huku kwetu inaweza kuanza kuyumba. Usinunue mtutu unaotosha pwani tu.

Kwa hiyo risasi ndiyo inayotangulia. Na swali la risasi kwa hapa kwetu ni la upatikanaji. Sikushauri uhame kutoka .308 kwenda milimita 6 au 6.5 kwa sababu umesoma kwamba hazisumbuliwi sana na upepo, ingawa ni kweli hazisumbuliwi sana. Uliza kwanza zinauzwa wapi, na kama utazipata tena mwakani. Halafu ukibadilisha aina ya risasi umebadilisha silaha iliyoandikwa kwenye leseni yako. Tuna sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Nenda polisi na karatasi zako kabla hujaagiza chochote nje, ueleze unachotaka kuleta, upate jibu la maandishi. Mtutu ukizuiliwa bandarini, hoja zako hazitausaidia.

Urefu. Risasi inapopungua mwendo ikafika kasi ya sauti hutikiswa, na ulengaji huharibika. Kwenye joto la nyuzi 30 kasi ya sauti ni kama mita 349 kwa sekunde, na unataka risasi ifike kwenye shabaha ikiwa bado juu ya hapo. Kwa .308 kila inchi ya mtutu huongeza takriban mita 6 hadi 8 kwa sekunde, ndiyo maana wanaopiga yadi 1,000 hutumia inchi 30. Kama uwanja unaopata kibali cha kuutumia unaishia mita 300 au 600, inchi 26 zinakutosha kabisa, na utabeba mzigo mwepesi. Unene nao usiupapie. Mtutu mnene hauchoki upesi kwa joto na haupindi kirahisi, lakini mashindano yana mipaka: bunduki ya daraja la mashindano liitwalo F-T/R, pamoja na miguu yake na darubini, haitakiwi kuvuka kilo 8.25. Pima bunduki yako kwanza.

Sasa chuma, na hapa naomba mtu wa pwani anisikilize vizuri. Mitutu mingi ya shabaha ni ya chuma cha pua kinachoitwa 416. Watu wakisikia chuma cha pua wanafikiria sufuria, wanaamini hakishiki kutu. Chuma cha sufuria kina kromi kama asilimia 18 na nikeli juu yake. Hiki cha mtutu kina kromi ya asilimia 12 hadi 14 tu, na kimetiwa salfa ili kikerezeke vizuri. Kwa hewa ya Raskazone, kusi ikivuma na chumvi inanata mpaka kwenye vioo vya madirisha, kitashika kutu. Nimeona vidoa vya kahawia kwenye mtutu mpya uliolala ndani ya mfuko wa sponji majira ya masika tu. Hata hivyo bado nakipendekeza, kwa sababu chuma cheusi chenye kromi na molibdeni kina kromi ya karibu asilimia 1 na huliwa upesi zaidi. Ila nunua ukijua kwamba kila ukitoka uwanjani utausafisha jioni ileile, utaupaka mafuta ndani na nje, na hutauweka kwenye mfuko wa sponji, kwa sababu sponji hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma. Weka kabatini penye kukauka, umefungiwa kwa kufuli kama sheria inavyotaka. Na siku ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu kabla ya risasi ya kwanza.

Kuhusu namna mifereji ilivyotengenezwa, watu hubishana sana kuliko inavyostahili. Kuna ya kukatwa kidogo kidogo kwa kisu kimoja, kuna ya kusukumwa kwa kitufe kigumu cha kabaidi, kuna ya kupigwa kwa nyundo kutoka nje. Zote zimetoa mitutu mizuri. Mimi naangalia kama kiwanda kimesugua ndani kwa madini laini ya risasi na unga wa kung'arisha, na kama kimetuliza chuma kwa joto baada ya kazi. Mtutu usiotulizwa huhamisha mahali risasi zinapogonga unapopata moto.

Kufunga usifanye nyumbani. Nyuzi za skrubu za mwili wa bunduki, pale mtutu unapofungwa, hazifanani: Remington 700 ina nyuzi 16 kwa inchi, Savage ina 20, ingawa kipenyo chao kinakaribiana sana. Mpelekee fundi mwenye leseni na umwombe akuonyeshe geji, yaani vyuma vya kupimia urefu wa chemba, zikiingia. Kwa .308 ile ya kupita ni inchi 1.630, ile ya kukataa ni 1.634. Tofauti ni sehemu ya kumi ya milimita. Bolti lazima ifunge kwenye ya kwanza na igome kwenye ya pili. Ikifunga kwenye zote mbili ganda linaweza kupasuka usoni kwako. Fundi akisema hana geji, mshukuru, chukua bunduki yako uondoke.

Mtutu ukishafungwa, kabla haujapigwa hata risasi moja, mwambie akupimie risasi inagusa mifereji ikiwa na urefu gani. Andika kipimo hicho, tarehe na namba ya mtutu kwenye daftari, na uache safu ya kuandika idadi ya risasi kila utokapo uwanjani. Kila ukivuka risasi 500 pima tena palepale kooni, uandike chini yake.