Jaribu kwanza na Ng'hong'honha: huduma ya mtandaoni isiyosumbua watu

Kabla hujamwonyesha mtu mfumo wako, fungua fomu yako mwenyewe na kwenye sehemu ya kata andika Ng'hong'honha. Kata hiyo iko Dodoma, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na jina lake lina ritifaa (alama hii: ') mbili. Mfumo ukigoma, tafuta sehemu mbili. Huenda ukaguzi wa fomu unakubali herufi A mpaka Z tu, na hapo mkazi wa Chang'ombe naye kafungiwa mlango. Au maneno ya mtumiaji yanabandikwa moja kwa moja ndani ya amri ya SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata), na ritifaa ya kwanza inaikata amri katikati. Hili la pili ni tundu la usalama kabisa: panapovunjwa na ritifaa ya mwananchi, mwizi anapita. Usiifute ritifaa. Peleka maneno ya mtumiaji kama vigezo, yaani thamani zinazotumwa pembeni, nje ya amri yenyewe. Lugha zote zinazotumika sana leo zina njia ya kufanya hivyo.

Ritifaa hiyohiyo hula pesa kwenye SMS. Ujumbe mmoja wa herufi za kawaida unabeba herufi 160, na Kiswahili chote kinaingia humo, pamoja na ritifaa iliyonyooka. Lakini ukiandaa ujumbe kwenye Word, ritifaa ya "ng'ombe" inaweza kugeuzwa ikawa ile iliyopinda, ambayo haimo katika orodha ya herufi hizo. Moja tu inatosha: ujumbe wote unahamia Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote) na nafasi zinashuka hadi 70, tena ukigawanywa kila kipande kinabaki na 67. Ujumbe wa herufi 150 wa kumjulisha mfanyabiashara wa mnada wa Msalato kwamba ng'ombe wake 12 wamesajiliwa unageuka SMS tatu, nawe unalipia tatu. Weka mstari mmoja wa kubadilisha ritifaa na alama za kunukuu zilizopinda kabla ya kutuma. Kazi ya dakika tano.

Namba nazo zina yake. Watu huandika simu wanavyoijua: inaanza na 0, au 255, au +255, yenye nafasi katikati kwa sababu imenakiliwa kutoka kwenye orodha ya majina. Usimkaripie mtu kwa hilo. Ondoa kila kisicho tarakimu. Zikibaki 10 na ya kwanza ni 0, badili hiyo 0 iwe 255. Zikibaki 9, tanguliza 255. Zikiwa 12 zinazoanza na 255, ziache. Kisha hifadhi kama maandishi, si kama hesabu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndiyo inayoumbua wengi hapa: ina tarakimu 20, wakati JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, inashika namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16. Excel hushika 15, zinazozidi inazigeuza sifuri. Orodha ya watu ikirudi na namba za NIDA zote zinaishia 00000, hakuna aliyekosea kuandika. Ni faili limefunguliwa na kuhifadhiwa upya.

Sasa malipo, na hapa usiharakishe. Mtu yuko barabarani kuelekea Kondoa, anabonyeza "Lipa", mtandao unakatika. Atabonyeza tena. Usitegemee kukizima kitufe, kwa sababu atafungua ukurasa upya. Fanya hivi:

1. Fomu inapofunguliwa, tengeneza ufunguo wa muamala usiojirudia (namba ya kuutambulisha muamala huo mmoja) na uuhifadhi kwenye simu yake. Ukiutengeneza wakati wa kubonyeza, kila bonyezo litapata wake na umerudi palepale.
2. Kwenye hifadhidata, weka sharti kwamba ufunguo huo hauwezi kuingia mara mbili. Kuangalia kwanza kama upo halafu kuuingiza hakutoshi. Maombi mawili yakifika pamoja yote yataambiwa haupo.
3. Ombi la pili lenye ufunguo uleule lipewe jibu la kwanza, neno kwa neno, bila kukata pesa.
4. Mtoa huduma wa malipo akichelewa kujibu, andika "inasubiri". Kukosa jibu si kushindikana. Ukiandika "imeshindikana", mtu atalipa tena, na baada ya nusu saa malipo yote mawili yatakubaliwa. Uliza hali ya muamala kila baada ya muda, ukiongeza nafasi: sekunde 5, 15, 45.

Ujumbe wa kosa useme kilichotokea, pesa iko wapi, na afanye nini. "Ombi batili" halisemi chochote. Linganisha na hili: "Namba ya simu ina tarakimu 8 baada ya 255, zinatakiwa 9. Hakuna pesa iliyokatwa." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayopunguza simu kwa watu wa huduma kwa wateja.

Kama wanaokutumia ni wasanidi wa programu kupitia API (njia ya programu moja kuongea na nyingine), wao wanataka pia neno la kosa lisilobadilika, mfano simu_fupi, ambalo programu yao italisoma hata ukirekebisha Kiswahili chako, pamoja na namba ya ombi ya kukutajia wakiomba msaada. Kwenye namba ya jibu la HTTP, kosa la mtumaji liwe 400, lako liwe 500, na ukiwazuia kwa wingi wa maombi toa 429 yenye Retry-After ili wajue wangoje sekunde ngapi. Kurudisha 200, ambayo maana yake ni "imefaulu", yenye neno "error" ndani yake ni kumdanganya mwenzako mchana kweupe. Wape pia mazingira ya majaribio yenye namba za simu bandia: moja inafaulu daima, moja haina salio daima, moja haijibu kabisa. Hiyo ya tatu husahaulika, na ndiyo itakayowapata kwanza.

Mwisho ni saa. Kwenye hifadhidata weka UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kwenye skrini ongeza saa 3, mwaka mzima, maana Tanzania hatubadilishi saa kwa majira. Kazi iko kwenye maneno. "Saa 2:00" kwa mtu ni asubuhi, kwa kompyuta ni usiku wa manane, basi daima taja asubuhi, mchana, jioni au usiku. "Mwisho saa 6 usiku wa Ijumaa" usiiandike kabisa: kuna atakayeelewa usiku wa kuamkia Ijumaa na kuna atakayeelewa wa kuamkia Jumamosi. Andika "Mwisho Alhamisi saa 5:59 usiku", na pembeni yake 23:59.