Jinsi ya kupanga nyimbo za ibada kwenye kanisa la Kianglikana lenye watu wa kila aina

Waanglikana tuna hii, benchi moja unakuta mtu anayepiga ishara ya msalaba kila Utatu ukitajwa, pembeni yake mlokole anasubiri mapambio ainue mikono, nyuma yao mzee ambaye hakosi sala ya jioni ila ukimuuliza kama anaamini yote yanayosomwa atakwambia tuyaache hayo, alafu kuna yule aliyekuja tu sababu mkewe yuko kwaya. Wote hao wataimba ulichopanga wewe. Kwahiyo usianze kwa kujiuliza nani afurahi leo, utachoka bure.

Anza na liturujia, yaani ule utaratibu uliopangwa wa ibada. Bwana utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu, Mwana-kondoo, hizo ndo uti wa mgongo wa Ushirika Mtakatifu, chagua tuni (sauti ya wimbo) moja na usiiguse msimu mzima, ukibadilisha kila Jumapili watu wanageuka wasikilizaji. Msimu ukiisha badilisha. Kwaresima toa Utukufu na haleluya zote, Pasaka ikifika utaona wanavyozipokea.

Zaburi msiziruke jamani. Kitabu cha Sala cha 1662, kile cha ibada za Kianglikana, kimezigawa zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni, yaani waliokipanga hawakuchagua zile tamu peke yake. Na hapa ndo kuna nafasi ya mwenye mashaka, maana Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini, na ya 88 inaishia gizani kabisa hakuna faraja mwishoni, mtu ambaye wiki hii hawezi kuimba "nimeokoka nina furaha" anaweza kuiimba hiyo bila kujidanganya. Kama mnaimba zaburi kwa ule mtindo wa noti moja inayobeba maneno mengi, kwaya isome kwanza mstari kwa sauti ya kawaida, kama mtu anaongea, alafu waimbe kwa mwendo uleule. Kosa la kwaya nyingi ni kukimbiza ile noti ndefu kisha kuvuta mwisho wa mstari kama gari linafunga breki.

Sasa angalia maneno ya nyimbo nyingine. Ukikuta nyimbo nne mfululizo zote ni mimi naamini, mimi najitoa, mimi sitarudi nyuma, punguza, weka moja au mbili za kumsifu Mungu kwa matendo yake au za kusimulia Injili, hizo kila mtu anaingia kwa kiasi chake. Na usidhani asiye na uhakika hana cha kuchangia: mtunzi Mwingereza Ralph Vaughan Williams, aliyehariri muziki wa kitabu cha nyimbo cha The English Hymnal cha 1906, hakuwa muumini kwa maana ya kawaida, na tuni zake Waanglikana wanaziimba mpaka leo.

Ugomvi wa tenzi na mapambio mi naona unakuzwa tu. Usitenge kona ya wazee na kona ya vijana, changanya. Maneno na tuni vinatenganishika, John Newton aliandika Amazing Grace akiwa kasisi wa Kianglikana, ilitumika mara ya kwanza 1773, lakini ile tuni tunayoijua wote iliunganishwa nayo 1835. Kwahiyo hesabu silabi za kila mstari, kama ni 8, 6, 8, 6, maneno hayo unaweza kuyahamishia tuni yoyote ya mpangilio huo, weka hata ngoma, wazee wataimba maneno yao na vijana watapata mdundo. Cha muhimu shusha ki, yaani anzia sauti ya chini kidogo, kwaya inafika juu bila shida ila waumini saa tatu asubuhi hawafiki.

Acha pia wimbo mmoja wa kwaya peke yake. Kile Kitabu cha Sala cha 1662 kimeutengea nafasi kabisa, baada ya sala fupi ya tatu kwenye ibada ya asubuhi na ya jioni, na hapo aliyechoka au asiyeamini anakaa tu asikilize.

Kuhusu kwaya yenyewe, kuna wanaotaka kuimba ila hawajabatizwa au hawajui wanaamini nini. Ongea na kasisi mapema msije mkakutana na swali hilo madhabahuni. Mi ningewaruhusu waimbe, ila kuongoza maombi au kutoa ushuhuda usiwape, sio haki kumtamkisha mtu kitu ambacho hana. Na asiyepokea ushirika mkalishe mwisho wa benchi, ukimweka katikati kwaya nzima ikisimama kwenda mezani inabidi wampite magotini na kanisa zima linaona.

Orodha ikikamilika mpelekee mhubiri kabla ya Ijumaa, akibadilisha somo ubadilishe wimbo wa baada ya mahubiri, huo tu. Wa mwisho uwe ule wanaoujua bila kitabu, maana vitabu wameshaanza kurudisha.