Mimba baada ya upasuaji wa kupunguza unene

Siku ya kwanza kliniki, kabla hata ya kupimwa presha, mwambie nesi ulifanyiwa upasuaji gani: wa kukata sehemu ya mfuko wa tumbo, au baipasi, ambapo utumbo huunganishwa upya. Aandike hilo wazi kwenye kijitabu cha mama na mtoto, maana utaratibu wa kawaida hautakutosha.

Ni vizuri mimba ingoje miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Kilo zikishuka, mimba hushika upesi, na vidonge vya kupanga uzazi haviaminiki baada ya baipasi. Kijiti au koili ni bora. Kama umeshika mapema, usiogope, ila anza kliniki mara moja.

Kidonge cha kuongeza damu cha kliniki kina chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400. Kimeze, lakini peke yake hakitoshi. Mwulize daktari kuhusu sindano ya B12 ya miligramu 1 kila miezi 3, vitamini D, na kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu. Kalsiamu huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo acha saa 2 kati ya kalsiamu na kidonge cha chuma. Chai nayo huzuia: asubuhi ya chai na mahamri siyo wakati wa chuma. Kimeze baadaye kwa maji ya ndimu. Vitamini A iwe ya beta-karotini. Retinoli, aina nyingine ya vitamini A, ikizidi humdhuru mtoto.

Lenga protini gramu 60 kwa siku. Kipande cha changu cha gramu 100 hutoa kama 20, yai moja 6. Anza na samaki au mbaazi. Wali ufuate nafasi ikibaki.

Wiki ya 24 hadi 28 utaambiwa unywe glukosi kupima sukari. Aliyefanyiwa baipasi asikubali: sukari hupanda ghafla kisha huanguka, ukatoka jasho, ukatetemeka, hata kuzirai. Omba badala yake kupima kidoleni wiki nzima, kabla ya kifungua kinywa na baada ya milo.

Ukitapika mfululizo, nenda hospitali, na wakumbushe vitamini B1 itangulie dripu ya glukosi, kwani upungufu wake huumiza ubongo.

Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha usiyaite kiungulia. Baada ya baipasi utumbo unaweza kupenya kwenye nafasi ndani ya tumbo na kubanwa, hasa miezi mitatu ya mwisho. Nenda Makadara, hospitali kuu ya Pwani iliyoko Mombasa, usiku huohuo, na udai daktari wa upasuaji akuone pamoja na wa uzazi.