Kujaza Pengo la Kisu cha Gilotini ya Bati kwa Kuchomelea

Kisu cha kwanza cha gilotini, yaani mashine ya kukatia bati, nilichokichomelea ili kujaza pengo lililomeguka kwenye makali, kilipasuka jioni ileile. Nilikuwa nafunga mlango wa karakana niliposikia mlio mdogo, kama bilauri ya kioo iliyotiwa chai ya moto, na asubuhi nikakuta ufa wa sentimita 4 ukikimbia kando ya mshono. Tatizo lilikuwa ubaridi wa kisu chenyewe. Visu vingi vya aina hii ni vya feleji ya zana yenye kaboni takriban asilimia 1.5 na kromiamu asilimia 12. Sehemu iliyoyeyushwa, pamoja na ukingo wake, ikinyonywa joto ghafla na chuma baridi kinachoizunguka, huwa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae, na haidrojeni iliyonaswa ndani huweza kuipasua saa kadhaa baada ya kazi kwisha.

Kabla ya yote, zima umeme wa mashine, fungua kisu na ukikague. Visu vingi vina kingo zaidi ya moja, kwa hiyo huenda ukakigeuza tu na kuendelea na kazi. Pengo lisilozidi milimita 1 ni afadhali liondolewe kwa kunoa kisu kizima. Kisu chenye ufa uliofika kwenye tundu la bolti usikichomelee kamwe, kwa kuwa kipande kinaweza kumrukia mtu.

Hatua ya kwanza ni kusaga pengo kwa grinda mpaka ufikie chuma kizima, huku ukiacha mfereji wenye kuta zilizolala na kitako cha mviringo, mpana kidogo kuliko fimbo ya kuchomelea utakayotumia. Kona kali chini ya mfereji ndipo ufa mpya huzaliwa. Kisha pulizia dawa ya rangi ya kuonyesha nyufa. Mstari mwekundu ukijitokeza, endelea kusaga hadi utoweke.

Hatua ya pili ndiyo inayoamua matokeo. Pasha kisu chote, si sehemu ya pengo pekee, hadi nyuzi 250 za Selsiasi, polepole, kwenye tanuri au kwa miali laini ya gesi inayotembezwa pande zote mbili. Tumia chaki ya kupimia joto, inayoyeyuka kwenye kiwango kilichoandikwa juu yake. Usitegemee rangi ya chuma, kwa sababu kromiamu huchelewesha rangi za njano na buluu ambazo mafundi wa zamani walizisoma kwenye feleji ya kawaida.

Hatua ya tatu ni kuchomelea. Chagua fimbo ya milimita 2.5 ya feleji ya zana, inayoacha ugumu wa takriban 58 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell C, na uikaushe kwanza kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti. Bana kipande cha shaba kwenye ukingo ili chuma kilichoyeyuka kisichuruzike. Washa cheche ya fimbo ndani ya mfereji, kamwe si juu ya uso wa kisu, kisha weka mistari mifupi ya milimita 20 hadi 25. Kila mstari, ungali mwekundu, ugonge kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo ili kupunguza mvutano, uondoe ganda linaloachwa na fimbo juu ya mshono, upime joto tena. Likishuka chini ya nyuzi 250, simama upashe. Likipita 300, subiri. Jaza hadi mshono uinuke juu ya uso kwa milimita 2 hivi.

Sasa kifukie kisu ndani ya sanduku la chokaa kavu au majivu makavu. Kikifika joto ambalo mkono unalivumilia, kitoe na kukirudisha kwenye tanuri kwa saa mbili, kwa joto lililo nyuzi 10 hadi 20 chini ya lile kilichopashiwa kiwandani baada ya kuwekwa ugumu. Bila kumbukumbu hiyo mimi hubaki kwenye nyuzi 250 zilezile.

Kusaga kwa mwisho kufanyike kwa jiwe laini na maji mengi, kwa kupunguza kidogo kidogo, kwani doa la buluu kwenye makali ni ishara kwamba ugumu umekwishaharibika mahali hapo. Pulizia dawa ya nyufa tena kesho yake, si siku hiyohiyo. Kisha funga kisu, rekebisha nafasi kati yake na kisu cha chini, na ukate karatasi kwanza, halafu bati jembamba, ukitazama ukingo wa bati mahali palipochomelewa: ukitoka bila mikwaruzo, rudisha mashine kazini.