Eneo la kiwanja bila kutafuta x

Anayekuja kwangu Kondele, hapa Kisumu, jioni kusaidiwa hesabu huacha kikokotoo mkobani mpaka mlinganyo uonekane kwenye karatasi. Hilo ndilo sharti pekee. Tuchukue swali la kidato cha tatu, jometri na aljebra pamoja:

Kiwanja cha mstatili kiko Mamboleo. Urefu wake unazidi upana kwa mita 7. Ukikatiza kona kwa kona ni mita 17. Tafuta eneo lake.

Chora kwanza. Mchoro si lazima upendeze, mradi uwe mkubwa. Upana uite x, urefu x + 7, na mstari wa kukatiza uandike 17. Utaona pembetatu mbili, kila moja ina pembe ya nyuzi 90, basi Pythagoras yupo hapo: miraba ya pande mbili zinazounda pembe hiyo, ukiijumlisha, ni sawa na mraba wa mstari wa kukatiza. Mafundi wa ujenzi humtumia kila siku: futi 3 huku, futi 4 kule, kamba ya kukatiza ikisoma 5, kona iko skwea.

x² + (x + 7)² = 17²

Sasa polepole. Wengi huandika (x + 7)² = x² + 49 na kuendelea kwa raha zao. Chora mraba wenye upande x + 7, kisha uukate kwa mstari mmoja wima na mmoja mlalo, pale x inapoishia na 7 kuanza. Vinatoka vipande vinne: mraba wa x², kimraba cha 49, na mistatili miwili, kila mmoja 7x. Hiyo miwili ndiyo iliyotupwa. Kwa hiyo:

x² + x² + 14x + 49 = 289
2x² + 14x = 240
x² + 7x = 120

Simama. Swali liliuliza nini? Eneo. Na eneo ni x(x + 7), yaani x² + 7x. Basi ni mita mraba 120, umemaliza. Nimeona watoto hodari wakijaza ukurasa mzima baada ya mstari huu kwa sababu tu wamezoea kutafuta x.

Ukiulizwa vipimo, endelea: x² + 7x − 120 = 0. Usibahatishe, orodhesha pembeni jozi zinazozaa 120: 5 na 24, 6 na 20, 8 na 15. Hii ya mwisho inatofautiana kwa 7.

(x + 15)(x − 8) = 0

x ni 8 au −15. Andika wazi kwamba −15 unaikataa kwa kuwa upana hauwi hasi. Upana mita 8, urefu 15. Hakiki: 64 + 225 = 289, sawa na 17².

Kila karatasi ya Hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne Kenya, ina alama 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa alama. Hatua nazo zina alama zake, kwa hiyo usifanye kazi kichwani ukaandika jibu tupu. Ukikosea mwishoni, mstari wa Pythagoras bado unakulipa.

Jaribu hili: urefu unazidi upana kwa mita 14, kona kwa kona mita 26. Eneo ni mita mraba 240. Ukiona x imetoka 15.49, kagua ulivyofungua mabano.