Namna ya kubuni bustani ya mtaa inayosimulia historia ya usafiri: mfano wa Tanga na reli ya Moshi

Bustani nyingi za namna hii huharibikia kwenye mchoro. Kamati inaorodhesha treni, mashua, baiskeli na daladala, halafu kila kimoja kinapewa kona yake na kibao chake. Mtu anaingia, anatazama kimoja kimoja, anatoka bila kujua kwa nini vitu hivyo viko pamoja. Dawa yake ni kuchagua safari moja iliyobadilisha maisha ya mahali hapo, kuilaza chini kwa kipimo, na kuacha vitu vingine vyote vijipange juu yake.

Kwa Tanga safari hiyo haina mshindani: ni reli ya kwenda Moshi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893, nayo ndiyo reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Mfano wetu ni kiwanja cha wazi cha mita 35 kwa 40, ukubwa ambao mitaa kadhaa bado inao. Kama mko Tabora, Voi au Kisumu, badilisheni majina na umbali. Hesabu zinabaki zilezile.

Hatua ya 1: Hakikisheni ardhi ni yenu kuitumia

Ombeni kwa afisa mipango miji wa halmashauri mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, muone kama kiwanja kimeandikwa eneo la wazi. Neno la mwenyekiti wa mtaa halitoshi. Pitisheni wazo kwenye mkutano mkuu wa mtaa na mhifadhi muhtasari wenye saini, kwa sababu siku mtu atakapotaka kuweka fremu za maduka pembeni, karatasi hiyo ndiyo itakayowatetea. Kama kiwanja kinapakana na njia ya reli, mpaka wa hifadhi ya reli unatoka Shirika la Reli, na msijenge hata benchi ndani yake.

Hatua ya 2: Kusanyeni historia kabla ya kuchora

Tafuteni wastaafu wa reli, manahodha, mafundi baiskeli na waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakiwemo wazee waliokuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali. Waulizeni mambo yanayoshikika: mlipanda wapi, mlibeba nini, nauli mlilipa kwa nani, njiani mlikula nini. Swali la "zamani usafiri ulikuwaje?" huzaa jibu la jumla lisilofaa kitu kwenye bustani. Jambo lolote litakaloandikwa kwenye zege lithibitishwe na watu wawili wasiotoka nyumba moja, au na mtu mmoja na hati. Maandishi ya zege hayafutiki kwa kalamu.

Hatua ya 3: Igeuzeni reli kuwa njia ya miguu

Huu ndio moyo wa kazi, na hapa msiwe na haraka.

Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352. Kila kilomita ipeni sentimita 20. Mnapata njia ya mita 70.4. Katika kiwanja chetu inakaa kwa umbo la U: mita 30 kwenda, mita 10.4 kukatisha, mita 30 kurudi. Tanga na Moshi zote zinaangukia upande wa lango, kwa hiyo anayeingia anauona mwanzo na mwisho kwa pamoja.

Pigeni vigingi na kamba, kisha pimeni vituo kutoka sifuri:

- Muheza, kama kilomita 40, reli ilifika 1896: mita 8
- Korogwe, kilomita 84, mwaka 1902: mita 16.8
- Mombo, kilomita 129, mwaka 1905: mita 25.8
- Moshi, kilomita 352, ilizinduliwa 1912: mita 70.4

Tazameni miaka hiyo. Kilomita 40 za kwanza zilichukua karibu miaka mitatu, kisha kampuni iliyokuwa ikijenga ikaishiwa fedha, na serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikaichukua reli mwaka 1899. Muheza ikabaki mwisho wa reli kwa muda mrefu. Basi mahali hapo panueni njia kutoka mita 1.8 hadi mita 4, na mweke mabenchi mawili yanayotazamana. Mtembeaji atakaa pale ujenzi ulipokwama. Baada ya Mombo hakuna haja ya benchi hadi kona ya pili.

Kuna matawi mawili ya kuonyesha. La kwanza liko kati ya Muheza na Korogwe: ni kiungo cha Mnyusi hadi Ruvu kilichokamilika mwaka 1963, kilichoiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Litoeni kama kijia cha mita 1.2 kinachokwenda kwenye lango dogo la pembeni. La pili liko Kahe, karibu na mwisho. Ni reli iliyotoka Voi, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hilo lichoreni kwa ukanda mweusi tu, urefu wa mita 2. Kilomita kamili za Mnyusi na Kahe zichukueni kwenye orodha ya vituo ya Shirika la Reli, msikadirie kwa ramani ya simu.

Hatua ya 4: Mwageni njia

Chimbeni sentimita 20. Shindilieni moramu sentimita 10, halafu zege sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa mita 70.4 zenye upana wa mita 1.8 mnahitaji zege mita za ujazo 12.7, yaani mifuko 85 hivi ya saruji ya kilo 50 pamoja na upotevu, mchanga mita za ujazo 6 na kokoto mita za ujazo 11 na nusu. Upanuzi wa Muheza na kijia cha Mnyusi uhesabiwe pembeni.

Mchanga usitoke ufukweni, hata kama fundi anaapa kwamba ameuosha. Chumvi yake inabaki, inakula nondo, na katika hewa ya bahari ya Tanga zege hupasuka kutoka ndani. Agizeni mchanga wa mto, na onjeni punje chache kwenye ulimi gari linapofika, chumvi haijifichi.

Kateni viungo, yaani mikato myembamba ya kukatisha zege, kila mita 1.8, la sivyo nyufa zitachagua njia zake zenyewe. Njia ilale upande mmoja kwa sentimita 3.5 ili maji ya masika yamwagikie kwenye majani, si kwenye mabenchi. Funikeni zege kwa magunia ya mkonge yaliyolowana kwa siku saba. Wengi hunyunyizia asubuhi tu. Ifikapo saa nane mchana gunia limekauka na uso wa zege unaanza kutoa vumbi. Mwagieni mara tatu kwa siku.

Hatua ya 5: Reli halisi, lakini kidogo

Kuweka chuma njia nzima ni gharama isiyo na maana, na ni mwaliko kwa wauza chuma chakavu. Wekeni vipande viwili vya mita 6 pale Korogwe tu. Vipande viombwe kwa barua kutoka Shirika la Reli. Msinunue kwa mtu wa skrepa, kwani huenda vimeng'olewa kwenye njia inayotumika, na kesi itawaangukia ninyi. Reli ya zamani ya kilo 25 kwa mita inafanya kila kipande kiwe na kilo 150, kwa hiyo kipande kimoja kibebwe na watu sita, na wawili wabaki kuongoza.

Upana ni milimita 1,000, ukipimwa ndani kwa ndani ya vichwa vya reli. Kando yake wekeni jozi nyingine fupi ya milimita 600, upana wa reli nyembamba zilizotumika kwenye mashamba mengi ya mkonge kusukuma vitroli vya majani hadi kiwandani. Mtoto akisimama katikati ya jozi moja kisha nyingine, anaielewa tofauti kwa miguu yake.

Mataruma, yaani mihimili inayolazwa chini ya reli, yawe ya chuma au ya zege. Ya mbao za zamani yamelowekwa kreosoti, dawa yenye sumu inayohusishwa na saratani na inayotoka jasho kwenye jua. Haifai mahali watoto wanapokalia. Kokoto za katikati zimwagiwe mchanganyiko mwepesi wa saruji zishikane, maana kokoto huru zitakuwa kwenye vioo vya jirani ndani ya wiki. Nati zote zichomelewe baada ya kukazwa.

Hatua ya 6: Mzigo wa mpagazi

Kabla ya reli, bidhaa kati ya Kilimanjaro na pwani ya Pangani na Tanga zilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu kilo 30. Picha ya msafara haimfundishi mtu uzito huo. Wekeni mzigo wenyewe, kabla ya mita sifuri.

Tofali la zege la sentimita 25 kwa 25 kwa 20 lina uzito wa kilo 30. Limwageni likiwa na mabomba mawili ya inchi moja na nusu ndani yake, yateleze juu ya mabomba ya inchi moja yaliyozamishwa sentimita 50 kwenye msingi. Mpini uwe juu. Wekeni kizuizi ili tofali lipande sentimita 15 tu. Chini wekeni mpira wa tairi kuukuu unene wa sentimita 5, na kuzunguka tofali jengeni ukingo wa matofali kimo cha sentimita 15, ili kidole cha mguu kisiweze kuingia. Bila ukingo huo msikiweke kabisa kitu hiki.

Hatua ya 7: Mashua, baiskeli na mlima

Mashua kuukuu ya mita 5 au 6 ikae mwanzoni, upande wa bandari. Chombo kilichozoea maji ya chumvi kinaozea nchi kavu kwa sababu maji ya mvua yanatuama ndani: tobueni matundu matatu ya sentimita 3 pale chini kabisa, na kilazeni juu ya mihimili ya zege yenye vipande vya bati juu yake kuzuia mchwa. Fundi wa vyombo akipake sifa, yaani mafuta ya papa, kila mwaka kabla ya masika. Mlingoti usizidi mita 3. Upepo wa kusi hauna huruma. Chini, mchanga laini sentimita 30.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo ile mita 10.4 ya kukatisha ni yake. Jengeni vyuma kumi vya kufungia, vya bomba la mabati, kimo sentimita 80, kimoja kutoka kingine sentimita 90. Jengeni na kibanda cha mita 2 kwa 3 cha fundi baiskeli, akilipe kwa kulinda na kufagia. Kwa maoni yangu, kibanda hiki kinailinda bustani kuliko uzio wowote.

Mwisho wa njia mrundike udongo uliochimbwa: kilima cha kimo cha mita 1.2 na upana wa mita 8 kinakula mita za ujazo 20, na njia yenu itatoa zaidi ya hizo. Pandeni ukoka. Watoto wataupanda mlima wao kila jioni.

Hatua ya 8: Miti na maandishi

Mwarobaini na mkwaju vinafaa, kila mita 8, mashimo ya sentimita 60 kila upande, debe mbili za samadi. Mkungu una kivuli kizuri lakini mizizi yake huinua zege. Uwe mita 3 kutoka njiani. Mkonge lazima uwepo, maana ndio ulioijaza reli mizigo, ila miiba yake iko sawasawa na macho ya mtoto: upandwe mita 2 nyuma ya ukingo, na ncha zikatwe kila miezi mitatu.

Vibao vya stika hufifia juani, na vya shaba huibwa. Maandishi yawe ya terazo (saruji yenye chembe za mawe, iliyosuguliwa) iliyolazwa njiani, herufi za sentimita 4, si zaidi ya maneno 25 kwa kituo: jina, mwaka, na sentensi moja kutoka kwa mzee mliyemhoji, akiwa ameridhia. Kabla ya kumwaga, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani asome kila neno, na wazee wasomewe kwa sauti.

Hatua ya 9: Baada ya kufungua

Tengeni fedha za mwaka wa kwanza kabla ya kufungua lango: maji lita 20 kwa kila mche mara mbili kwa wiki wakati wa kaskazi, rangi ya kuzuia kutu kwenye reli na mabomba kila Februari, na mchanga wa kuongeza chini ya mashua baada ya masika. Mabomba ya mzigo wa mpagazi yakaguliwe kila mwezi. Kizuizi kikianza kulegea, fungeni tofali kwa mnyororo siku hiyohiyo hadi fundi wa kuchomelea afike.